Jinsi kemikali ndani ya seli za neva huongoza aksoni

MTOTO angali tumboni mwa mamaye, seli zake za neva huanza kutoa nyuzi nyembamba zitakazounganisha ubongo na kila pembe ya mwili. Nyuzi hizo huitwa aksoni, na kazi yake ni kusafirisha ujumbe. Katika mtu mzima, aksoni inayotoka kwenye uti wa mgongo hadi wayo huweza kufikia urefu wa takriban mita moja, ingawa ni nyembamba kuliko unywele.

Namna uzi huo unavyoipata njia yake ni suala lililowashughulisha wataalamu kwa zaidi ya karne moja. Mnamo 1890, mwanasayansi wa Uhispania, Santiago Ramón y Cajal, alieleza kwamba kila aksoni inayokua huwa na ncha iliyotanuka, yenye vidole vidogo vinavyopapasa huku na huko. Baadaye alikisia kuwa ncha hiyo huvutwa na kemikali zinazotolewa na seli nyingine.

Kisio hilo lilithibitishwa baada ya miaka mingi. Mnamo 1994, kundi la Marc Tessier-Lavigne katika Chuo Kikuu cha California, San Francisco, lilitangaza kupatikana kwa protini zinazovuta aksoni katika ubongo wa viinitete vya kuku. Protini hizo ziliitwa netrini, jina lenye asili ya Kisanskriti linalohusiana na kuongoza. Protini nyingine, zikiwemo semaforini, zilijulikana kwa kufukuza aksoni.

Ilidhaniwa basi kuwa kila kemikali ina amri moja tu: ama njoo, ama ondoka. Dhana hiyo ilitikiswa mnamo 1997 na majaribio ya kundi la Mu-ming Poo, yaliyotumia seli za neva za chura wa jamii ya Xenopus, ambaye asili yake ni Afrika.

Netrini ilipomwagwa kidogo kidogo upande mmoja wa aksoni, ncha yake iliielekea. Lakini watafiti walipozuia kazi ya kemikali iitwayo cAMP ndani ya seli, ncha iyo hiyo iliikimbia netrini iyo hiyo. Mwaka uliofuata, ilidhihirika kwamba hata semaforini inaweza kugeuzwa kutoka kifukuzaji kuwa kivutio, kwa kuongeza kemikali ya ndani inayofanana na hiyo, cGMP.

Kwa maneno mengine, ishara ya nje hutoa habari tu. Uamuzi hupitishwa ndani ya seli. Kemikali hizi za ndani hushirikiana na kalisi. Kalisi inapopanda vya kutosha upande mmoja wa ncha, nyuzi za protini iitwayo aktini hujengeka upande huo, nayo aksoni hupinda kuuelekea. Kalisi ikipanda kidogo tu, aksoni hupinda upande wa pili.

Mfumo huu huiwezesha aksoni kubadilisha nia safarini. Mnamo 1999, utafiti kuhusu neva za macho ya chura ulionyesha kuwa protini iitwayo laminini hupunguza cAMP ndani ya ncha, hivyo netrini iliyokuwa ikivuta huanza kufukuza. Inaaminika kuwa hali hiyo husaidia aksoni kuliacha jicho na kuendelea na safari ya kwenda ubongoni.

Maarifa haya yana uzito kwa waliopooza baada ya kuumia uti wa mgongo. Neva iliyokatika mkononi huweza kuota tena kwa kasi ya karibu milimita moja kwa siku, lakini zile za uti wa mgongo kwa kawaida hazioti. Mnamo 2001, uchunguzi wa panya ulionyesha kuwa kiwango cha cAMP katika seli za neva hushuka sana muda mfupi baada ya kuzaliwa, na uwezo wa kuota tena hufifia pamoja nacho. Mwaka uliofuata, panya waliodungwa kemikali ya aina hiyo waliotesha tena baadhi ya aksoni zilizokatwa.

Hata hivyo, kutoka panya hadi binadamu ni safari ndefu. Kemikali ya cAMP hufanya kazi katika karibu kila seli, zikiwemo za moyo, ambao huenda mbio inapoongezeka. Kuipandisha mwilini kote ni hatari, na kazi iliyosalia ni kuifikisha kwenye neva zilizoumia pekee.