Wembe, Gundi na Simu: Historia ya Kuhariri Picha Mombasa

Kuhariri picha ni kuibadilisha baada ya kupigwa: kuongeza kisichokuwepo, kuondoa kilichokuwepo, au kuunganisha vipande vya picha mbalimbali mpaka vionekane kitu kimoja. Shindano la kirafiki la kuhariri picha huanzia hapo. Mtu hutoa picha moja, wengine huichukua kila mmoja kwa ufundi wake, kisha kazi zote huwekwa hadharani na watazamaji wakaamua nani amefaulu. Zawadi mara nyingi ni kicheko na sifa tu. Katika kisiwa cha Mombasa mchezo huu ulikuja na intaneti. Lakini mambo mawili yanayoubeba, yaani ufundi wa kugeuza picha na desturi ya kushindana kwa kujibizana, yalikuwa yamekaa Mji wa Kale na mitaa jirani kama Kuze na Bondeni muda mrefu kabla ya kompyuta ya kwanza kuingia mjini.

Desturi ya kujibizana ndiyo kongwe. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyeishi takriban kati ya 1776 na 1840, alijibizana kwa beti na wapinzani wa mji wake, hasa wa Lamu. Kanuni ya mjibizano wa ushairi haijabadilika sana tangu zama hizo: anayejibu hufuata vina na mizani ya aliyeanza, na ushindi wake hupimwa kwa alichokiongeza ndani ya mipaka ileile. Mwishoni mwa karne ya 19 ushindani ukahamia pia kwenye ngoma ya beni. Mombasa ikawa na vikundi vya Kingi na Skochi, na hao Skochi waliiga mavazi ya bendi za Waskoti. Wanawake nao walikuwa na vyama vya ngoma ya lelemama vilivyoshindana kwa nyimbo, mavazi na maandamano. Si kila mara mashindano hayo yalibaki ya kirafiki, kwani nyimbo za mafumbo ziliweza kuumiza. Pamoja na hayo yalikuwa shule ya ubunifu: kila upande ulilazimika kuja na jambo jipya, maana lililokwisha kuonekana halikuwa na mshindo tena.

Kanga nayo iko kwenye ukoo huu. Ina pindo, ina mji ulio katikati, na chini ya mji kuna jina, yaani maneno yanayosomeka. Mwanamke aliyevaa kanga yenye jina fulani aliweza kumjibu jirani bila kufungua kinywa, na jirani akanunua ya kwake akajibu. Picha yenye maneno chini yake, iliyotolewa makusudi ili mwingine aijibu, pwani haikuwa kitu kigeni hata kidogo.

Upigaji picha ulitangazwa Paris mwaka 1839, na katika nusu ya pili ya karne hiyo ukawa umefika pwani ya Afrika Mashariki. Zanzibar ilitangulia. Huko ndiko Wagoa kama A. C. Gomes walikofungua studio zilizojulikana sana. Mombasa ilipata msukumo wake kutokana na reli ya Uganda, iliyoanza kujengwa kutoka kisiwani mwaka 1896 na kuleta wafanyakazi, maofisa na wapiga picha, miongoni mwao William D. Young aliyeipigia picha reli hiyo. Kwa miongo mingi iliyofuata biashara ya studio mjini ilikuwa zaidi mikononi mwa Wahindi na Wagoa, na ufundi ulirithishwa ndani ya familia.

Katika studio hizo picha haikuhesabiwa kuwa imekamilika kamera ilipolia. Kazi iliendelea kwenye chumba cha giza, kisha kwenye meza ya kurekebishia. Negativu iliwekwa juu ya kioo, mwanga ukaipenya kutoka chini. Fundi alichonga penseli ikawa kali kama sindano, akaigusa negativu nukta kwa nukta. Kwa kuwa negativu hugeuza nuru kuwa kiza na kiza kuwa nuru, kila alama ya penseli ilitoka nyeupe kwenye karatasi: kovu likafifia, mikunjo ya paji la uso ikanyooka. Palipohitaji weusi zaidi, alikwaruza kwa ncha ya kisu. Rangi ilikuja mwisho. Pamba kidogo ilizungushwa kwenye kijiti, ikachovywa, ikapitishwa juu ya shavu, midomo na ua la nguo. Mkono ukitetemeka mara moja, negativu imeharibika, na mteja aliyekwisha kurudi kwao hawezi kuitwa akae tena kwenye kiti.

Ulikuwepo pia ujanja uliopendwa katika studio nyingi za Afrika na Uhindi, wa kumtoa mtu pacha. Nusu ya lenzi ilizibwa kwa karatasi nyeusi, mteja akakaa upande wa kushoto, akapigwa. Filamu haikusogezwa. Karatasi ikahamishwa upande wa pili, mteja akahamia kulia, akapigwa tena. Picha ikatoka na mtu mmoja anayemmiminia chai nafsi yake. Hapakuwa na nia ya kumdanganya mtu. Mteja mwenyewe alijua, na furaha ilikuwa kumwona mgeni akiishika picha, akiitazama mara mbili, kisha akiuliza.

Aliyeipandisha studio ya Mombasa daraja la juu ni N. V. Parekh, aliyezaliwa mjini humo mwaka 1923 na kufungua Parekh Studio mwaka 1942. Wateja wake walikuwa watu wa kila jamii ya mji: Waswahili, Wahindi, Waarabu, watu wa bara. Mwanga aliupanga kwa uangalifu mkubwa, na mikao ya wateja wake ina harufu ya sinema za Kihindi zilizokuwa zikioneshwa mjini. Wachumba walitazamana kama nyota wa filamu, na vijana waliegemea kana kwamba kamera imewafuma. Kwa Parekh ubunifu ulikuwa zaidi mbele ya lenzi kuliko baada yake. Hata hivyo msingi ni uleule: picha ilimwonesha mtu vile alivyotaka kuonekana, na mpiga picha alikuwa mshirika wake katika jambo hilo.

Lamu, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka Mombasa, alikuwepo Omar Said Bakor (1932–1993), fundi aliyejifunza mwenyewe. Katika Bakor Studio, aliyoifungua mwanzoni mwa miaka ya 1960, alikata picha za watu na kuziunganisha na picha za vitu vingine, kisha akaipiga picha kazi nzima upya ili viungo visionekane. Uso wa mtu ulichomoza katikati ya ua. Mbinu yenyewe ni nyepesi kueleza na ngumu kutenda. Wembe lazima ufuate ukingo wa nywele bila kuacha mstari mweupe, mwanga wa vipande viwili lazima utoke upande mmoja, na ukubwa lazima uafikiane. Haya matatu, yaani ukingo, mwanga na ukubwa, ndiyo hadi leo anayoyatazama kwanza mtu anayehukumu picha iliyohaririwa. Bakor anastahili kutajwa kama baba wa sanaa hii kwenye pwani ya Kenya. Kazi zake zilikuja kuingizwa katika vitabu vya historia ya picha za Afrika, lakini jina lake halijulikani nyumbani kwa kiwango linachostahili.

Pwani hiyohiyo ilikuwa na sababu zake za kuiogopa picha. Stara ya mwanamke ni jambo zito katika mitaa ya Waislamu, na picha ni kitu kinachotembea: ikishatoka mkononi haijulikani itaishia mbele ya macho ya nani. Heike Behrend, mwanaanthropolojia Mjerumani aliyetafiti upigaji picha wa pwani kwa miaka mingi na kutoa kitabu juu yake mwaka 2013, alionesha jinsi mvutano huu ulivyoathiri kazi yenyewe. Katika sherehe za harusi za wanawake mpiga picha anatakiwa awe mwanamke, na tangu simu ziwe na kamera, baadhi ya harusi huzizuia mlangoni. Wengi wanaosambaza picha zao leo hufunika uso kwa ua au nyota kabla ya kuzituma. Bakor aliutoa uso ndani ya ua, na sasa ua hutumika kuusitiri uso. Hata kusitiri ni kuhariri.

Sura nyingine ya ufundi huu ilichanua penye kivuko cha Likoni. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1990 wapiga picha, wengi wao vijana kutoka bara, walikuwa wamejenga vibanda vidogo karibu na feri. Ukuta wa nyuma ulikuwa pazia lililochorwa au kubandikwa mabango: meli kubwa, ndege, majengo marefu, na mbele yake maua ya plastiki na mapambo ya kumetameta. Mteja alisimama katikati ya vipande hivyo vyote. Kwa maneno mengine, picha ilihaririwa kabla ya kupigwa. Wateja walikuwa zaidi vibarua na watumishi waliotoka mbali, na picha ilitumwa kwao, hasa wakati wa Krismasi, ili jamaa waone kwamba mtoto wao yuko mahali pa maana. Vibanda vilishindana waziwazi. Pazia jipya likiwavuta wateja kwa jirani, lazima nawe utafute la kushinda hilo. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, na machafuko yaliyofuata yaliwalenga watu wa bara. Biashara ya wapiga picha wa kivuko ilipata pigo kubwa.

Wakati huo studio za zamani zilikuwa tayari zimedhoofika. Maabara za picha za rangi zilizoenea miaka ya 1980 zilisafisha filamu kwa mashine kwa muda mfupi, na penseli ya fundi ikakosa kazi. Parekh alifunga mlango wake katika muongo huohuo.

Kifaa kilichorudisha ufundi kwenye meza kilitoka Marekani. Ndugu wawili, Thomas na John Knoll, walitengeneza programu ya Photoshop, iliyoingia sokoni Februari 1990. Wembe ukawa alama kwenye kioo, gundi ikawa tabaka juu ya tabaka, na kosa likafutika kwa kubonyeza mara moja. Ilipoungana na intaneti yakazaliwa mashindano. Worth1000, iliyoanzishwa 2002, ilikuwa miongoni mwa majukwaa yaliyotia fora: ilitangaza mada, ikaweka muda, washiriki wakaleta picha, na kura zikapigwa. Jina lake lilitokana na msemo kwamba picha moja ni sawa na maneno elfu. Kilichowafunga washiriki ni kanuni zilezile za mjibizano, yaani chanzo kimoja, mipaka iliyo wazi, na hukumu ya hadhira.

Mombasa ndiyo iliyokuwa lango la Kenya kuingia katika ulimwengu huo. Mkongo wa intaneti wa TEAMS, uliolazwa baharini kutoka Fujairah, ulipokelewa mjini tarehe 12 Juni 2009 na Rais Mwai Kibaki, na mkongo wa SEACOM ukaanza kazi mwezi uliofuata. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na kutuma picha moja nzito kwenye duka la intaneti kulikuwa subira na gharama. Haukupita hata mwaka. Machi 2010 bendi ya Just a Band ilitoa video ya wimbo Ha-He, na mhusika wake Makmende akashikwa na Wakenya wa kila pembe, wakamweka kwenye majalada ya majarida na kila mahali pa kufikirika. Hapakuwa na mwandalizi, muda wala zawadi, ila kila mmoja alitaka picha yake ishinde ya mwenzake.

Simu za bei nafuu ziliongeza wachezaji. Mwaka 2011 simu ya Huawei IDEOS iliuzwa Kenya kwa takriban shilingi 8,000, na programu kama PicsArt, iliyotoka mwaka huohuo, ikamwezesha kijana asiye na kompyuta kukata na kuunganisha picha akiwa amekaa barazani. Tarehe 8 Agosti 2017, siku ya uchaguzi, ilisambaa picha ya mpiga kura aliyekuwa kwenye foleni akila githeri kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Kwa siku chache Wakenya walimketisha pamoja na viongozi wa dunia na kumpeleka popote walipotaka, yeye na mfuko wake wa githeri. Nchi ilikuwa na hofu ya matokeo, na mchezo huo uliipa nafasi ya kucheka pamoja. Desemba mwaka huo aliyepigwa picha ile akawa miongoni mwa waliotunukiwa na Rais.

Sheria zilifuata. Sheria ya makosa ya mitandao ya 2018 inaadhibu usambazaji wa picha za faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inailinda picha ya mtu kama taarifa zake binafsi. Mashindano yaliyo mazuri yalikuwa yameshayatambua haya kwa mazoea: mwenye picha aridhie, kazi itangazwe kuwa imehaririwa, na picha ya asili ibaki kando ya zile zilizogeuzwa ili kila mtu aone safari iliyopigwa.

Kanuni hiyo ya mwisho ndiyo inayokosekana kwa picha za zamani za mji. Karatasi na negativu za enzi za Parekh ziko majumbani, na unyevu pamoja na chumvi ya bahari huzila kila mwaka. Anayetaka kuzitia rangi au kuzirekebisha kwa simu na azipige kwanza nakala jinsi zilivyo, aandike kwa penseli nyuma yake majina na mwaka, kisha azihifadhi mahali pakavu.