Usimamizi wa maarifa katika vyuo vya jamii

Usimamizi wa maarifa katika vyuo vya jamii ni namna chuo kinavyokusanya na kutunza yale yanayojulikana na watu wake na yaliyomo katika kumbukumbu zake, kisha kuyafikisha kwa wanaofanya maamuzi. Makala hii inahusu Marekani, ambako chuo kikongwe cha umma cha aina hiyo, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901.

Upungufu wa taarifa si tatizo kuu. Masjala hujaa rekodi, na serikali kuu hudai takwimu kila mwaka. Kinachokosekana ni njia ya kuzifikisha darasani, kwa kuwa ofisi ya utafiti ya chuo kidogo huweza kuwa na mtu mmoja tu, na ripoti za serikali humlia muda wake wote.

Gharama ya kukosa njia hiyo ilionekana katika kuwapangia wanafunzi madarasa. Kwa miaka mingi mtihani mfupi wa kompyuta, kama Accuplacer au Compass, uliamua nani aanze hisabati na Kiingereza cha chuo, na nani arudishwe kwenye masomo ya msingi yasiyohesabiwa katika shahada. Mwaka 2012 watafiti wa Community College Research Center, katika Chuo Kikuu cha Columbia, walionyesha kwamba alama za sekondari hubashiri ufaulu vizuri kuliko mitihani hiyo. Wengi waliorudishwa wangeweza kufaulu. Walilipa ada na kupoteza mihula, na wengine wakaacha masomo, ilhali ushahidi wa uwezo wao ulikuwa kwenye vyeti vyao. Huo ulikuwa udhalimu, hata kama hakuna aliyeukusudia. California, yenye vyuo vya jamii zaidi ya 100, ilitunga sheria ya AB 705 mwaka 2017, ikivitaka vitumie rekodi za sekondari.

Ili kuziba pengo hilo kati ya takwimu na darasa, mpango wa Achieving the Dream, ulioanza mwaka 2004, hupeleka washauri vyuoni kuwasaidia wakuu na walimu kusoma takwimu zao kwa pamoja. Hata hivyo, sheria ya faragha ya mwaka 1974, FERPA, huweka mipaka ya nani aone rekodi za mwanafunzi.

Maarifa yasiyoandikwa ni magumu zaidi kuyatunza. Walimu wengi ni wa muda, hulipwa kwa kozi, na mara nyingi hawana ofisi wala malipo ya kuhudhuria vikao. Mwalimu wa uchomeleaji, kwa mfano, anajua mada inayowakwamisha wanafunzi na karakana zinazoajiri wahitimu. Mkataba wake usipoongezwa, anayempokea huanza upya. Vyuo vinavyowalipa walimu hao kushiriki vikao vya idara hupunguza hasara hiyo.