Moshi, Reli na Buni
Atazamaye kaskazini kutoka Pasua huuona mlima kwanza. Lakini mji wa Moshi ni mtoto wa reli. Njia ya Tanga ilifika mwaka 1911, na katika Vita Vikuu vya Kwanza Waingereza wakaiunganisha, kupitia Taveta na Voi, na Mombasa. Buni ya Mchagga ikapata bandari mbili. KNCU, kilichoasisiwa 1933, kiliwapa wakulima sauti. Bei, kwa bahati mbaya, ilibaki ng'ambo. Baridi ilipounguza mibuni ya Brazil mwaka 1975, neema ilishuka migombani Kilimanjaro. Mkataba wa kahawa wa kimataifa ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na wako walioipa kisogo mibuni wakageukia nyanya. Mnada hufanyika Moshi. Macho huelekea New York.