Nyumba Iliyoficha Mapadri

Huko Worcestershire, Uingereza, ipo nyumba ya kale iitwayo Harvington Hall. Ni ya matofali mekundu, imezungukwa na handaki lenye maji, nayo inalindwa kisheria katika daraja la juu kabisa la majengo ya kihistoria. Sehemu kubwa ilijengwa na Humphrey Pakington, Mkatoliki, mwishoni mwa karne ya 16.

Mgeni haoni jambo la ajabu. Lakini kwenye ngazi kuu vipo vipandio vinavyoinuka kama kifuniko, na chini yake mna mahali pa kujificha. Katika chumba kingine, boriti ya ukutani ikisukumwa inazunguka na kuacha upenyo wa mtu mmoja. Pana hata mahali pa moto pa bandia. Bomba lake ni njia ya kupandia darini. Maficho yote ni saba.

Sheria ya mwaka 1585 ilimhesabu padri aliyepewa daraja ng'ambo kuwa msaliti akionekana nchini, na aliyemhifadhi angeweza kunyongwa. Baadhi ya maficho haya yanadhaniwa kuwa kazi ya Nicholas Owen, seremala mfupi wa kimo, aliyefanya kazi hiyo kwa siri usiku. Alikamatwa mwaka 1606, akateswa katika Mnara wa London hadi kufa, wala hakutaja ficho hata moja.

Waliomtesa walikuwa Waprotestanti, wenye Biblia katika lugha yao. Ni kweli, miaka kama hamsini kabla ya hapo Malkia Mary, Mkatoliki, aliwachoma moto Waprotestanti wapatao 280. Lakini dhambi ya jirani haifuti yetu.

Kwa miaka mingi nimewafundisha vijana wa kipaimara jinsi Luther alivyofichwa katika ngome ya Wartburg mwaka 1521. Sikuwahi kuwaambia habari za Harvington. Nilipenda tuwe upande wa wanaofichwa tu, kamwe si wa wanaobomoa kuta wakiwatafuta wenzao.

Mwaka 1999, mjini Augsburg, Walutheri na Wakatoliki walitia sahihi tamko la pamoja juu ya kuhesabiwa haki kwa imani. Wino huo ni wa thamani. Hata hivyo, binti wa usharika akiolewa na Mkatoliki, bado wapo miongoni mwetu wanaomfungia mlango. Je, akija kwako atapata pa kujihifadhi?