Kutu ya kijani na kompyuta ya Wagiriki

Nina saa ya bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati. Ilipokuwa mpya iling'aa kama sufuria ya dukani. Leo ni kahawia, na pembezoni imeingia ukijani. Mama kila akiiona anataka limau na chumvi aisugue. Mimi nakataa, na sababu yangu ina miaka elfu mbili hivi.

Mwaka 1901, wapiga mbizi wa sifongo walitoa kwenye meli iliyozama karibu na kisiwa cha Antikythera, Ugiriki, bonge la bronzi lililoliwa na chumvi ya bahari. Mwaka 1902 ndipo gia ikaonekana ndani yake. Kumbe ilikuwa mashine ya kukokotoa mwendo wa jua na mwezi! Gia moja ilikuwa na meno 223, sawa na miezi 223 ya mzunguko wa kupatwa. Hiyo ni programu iliyoandikwa kwa meno ya gia.

Sasa sikia: baadhi ya maandishi yake yalibaki kwenye tabaka la kutu tu, herufi zikiwa kinyume kama kwenye kioo. Limau lingeyafuta. Mwaka 2005 eksirei zikasoma mengine yaliyofichika ndani, bila kukwangua chochote.

Sisemi kila ukijani ni mzuri. Kahawia kavu huilinda bronzi, lakini unga wa kijani hafifu unaopukutika huendelea kuila. Huo nautoa kwa mswaki mkuukuu. Mama bado analalamika kwamba mkono wangu unanuka sarafu.