K-pop ni ya Wakorea au kopi ya Marekani?

Mwaka 1992, vijana watatu walitokea kwenye TV ya Korea Kusini wakirap Kikorea juu ya biti za Kimarekani. Majaji wakawapa alama za chini. Mtaani? Wimbo ukabamba nchi nzima.

Wanaosema "kopi" wana hoja: hata kabla yao, wanamuziki wengi walipikwa kwenye kambi za jeshi la Marekani. Septemba 2020, vijana saba wa Korea walishika namba 1 Billboard kwa wimbo wa Kiingereza, ulioandikwa na Waingereza. Sasa fahari ya nani hapo? Desemba wakarudi namba 1, safari hii wakiimba zaidi Kikorea.

Kukopa walikopa. Ila hawakulazimika tena kubadili lugha ili wasikilizwe. Wewe unasemaje?