Majirutuba, Si Majitaka

Kijitabu kimoja cha mafunzo kwa wafugaji wa samaki kinamwelekeza mkulima amwagilie mchicha kwa "majitaka ya bwawa", kisha aongezee "mbolea ya kemikali". Aliyepitisha maneno hayo hakumfikiria muuza mboga. Mkazi wa Dar es Salaam akisikia majitaka huwaza chemba iliyofurika na gari la kunyonya vyoo. Ndivyo mamlaka za maji zinavyolitumia neno hilo, na libaki huko. Nani atanunua fungu la mchicha ulionyweshwa majitaka?

Maji ya bwawa la sato ni kitu kingine kabisa. Ukiyachota kwa kiganja yana ukijani wa mwani na harufu ya tope. Samaki hutoa amonia, nyingi yake kupitia matamvua; bakteria huigeuza kuwa nitriti, kisha nitrati, na nitrati ndiyo mchicha unayoitaka. Kwa hiyo nayaita majirutuba.

Rutuba tumeitoa katika Kiarabu, ambako maana yake ni unyevu. Waswahili waliipokea, wakaishusha udongoni, ikawa ile nguvu ya ardhi inayootesha mazao. Neno moja, basi, limebeba maji katika asili yake na ustawi wa mimea katika maana yake ya leo. Sijui istilahi nyingine inayolingana hivi na kitu inachokitaja.

Mwanaistilahi mmoja aliniandikia kwamba nimeunda "maji ya unyevu". Hoja hiyo ni dhaifu. Karamu nayo inatokana na ukarimu wa Kiarabu, lakini kwetu ni watu wamealikwa na chakula kimepakuliwa. Hakuna anayemsahihisha anayesifu karamu ya mtu mkarimu. Neno likishahamia kwetu, maana yake huamuliwa na sisi.

Wengine wanapendekeza "majimbolea". Siwaungi mkono. Mbolea na mboji nayaona kuwa jamaa wa kubora ya Kinyarwanda na ukubola ya Kibemba, yaani kuoza. Ni maneno ya samadi na majani yaliyolundikwa, na hayayafai maji yanayotiririka mferejini yakiwa na nitrati iliyokwisha kuyeyuka.

Hiyo "mbolea ya kemikali" nayo inapotosha, kana kwamba nitrati ya bwawani si kemikali. Mzizi haujui iliyotoka kwa samaki na iliyotoka mfukoni. Tuseme mbolea ya viwandani, kama wasemavyo wauzaji wa pembejeo, maana tofauti iko kwenye chanzo.

Kwa matumizi: majirutuba kwa kawaida yana potasiamu haba, hivyo nyanya zitahitaji mbolea ya NPK; yurea, yenye nitrojeni asilimia 46, ipunguzwe; na maji yamwagwe shinani, si majanini.

Neno liandikwe pamoja, kama majisafi na majitaka, na upatanisho wake uwe wa maji: majirutuba yamefunguliwa, majirutuba yametosha. Kamati niliyoipelekea pendekezo hili ililirudisha kwa sababu ya mstari mmoja, kwamba neno halijazoeleka. Hakuna istilahi mpya iliyozoeleka kabla ya kutumiwa, na wanakamati wanalijua hilo. Nitalipeleka tena.